Jenerali mstaafu kwenye bodi ya Makumbusho ya Taifa: tukimwita, aje kufanya nini hasa?

Kabati la Vioo (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Naleta hoja hii tuichambue bila jazba. Bodi ya TANAPA imewahi kuongozwa na Jenerali mstaafu George Waitara. Ngorongoro walimpata Jenerali mstaafu Venance Mabeyo baada ya kuvua magwanda mwaka 2022. TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wamekuwa na Meja Jenerali mstaafu Hamis Semfuko. Mashirika yote hayo yako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo ndiyo hiyohiyo yenye Makumbusho ya Taifa. Kwa hiyo mtu akiuliza mbona Makumbusho imerukwa, hajauliza jambo la ajabu.

Ila huko hifadhini sababu inaonekana. Askari wa wanyamapori wanabeba bunduki, wana vyeo, wanalala porini, na mfumo wenyewe umeshakuwa wa jeshi usu. Aliyeongoza vikosi anakijua anachokisimamia. Makumbusho haina majangili. Ina fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 17 Julai 1959, ina magari aliyopanda Mwalimu, ina nyumba za makabila pale Kijitonyama, ina wahifadhi wanaopigana na mchwa na unyevu wa bahari. Jenerali aje akague gwaride la nani?

Mimi naunga mkono aitwe, tena naona tumechelewa. Ila aitwe kwa kazi inayotajwa kwa jina. Cheo peke yake hakitoshi.

Kazi ya kwanza ni kumbukumbu zilizolala majumbani. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 kwenye Divisheni ya 20 leo ni babu. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza divisheni hiyo hadi ndani ya Uganda kisha akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, alifariki Oktoba 2024 akiwa ameshavuka miaka mia. Jenerali Silas Mayunga alitangulia 2011. Watu hawa na waliokuwa chini yao wana shajara, ramani zilizochorwa kwa penseli, picha, barua walizoandikia wake zao kutoka Masaka. Mhifadhi kijana akibisha hodi kwa kanali mstaafu atakaribishwa chai, ataulizwa kwao ni wapi, ataagwa kwa heshima. Hapewi daftari. Kwanza mzee hajui kama anaruhusiwa kulitoa, maana aliapa. Aliyewahi kuwa mkubwa wake akimpigia simu, mambo yanabadilika siku hiyohiyo.

Kazi ya pili ni vifaa. Huwezi kuionesha vita ya Kagera kwa picha za ukutani tu. Unataka gari la kurushia makombora, unataka redio za vita, unataka buti. Hivyo vinahitaji idhini ya Makao Makuu, mafundi wa kuvifanya visiwe hatari, na lori la kuvibeba. Mkurugenzi wa makumbusho akiandika barua, barua inapita madawati mengi. Mjumbe wa bodi anayeyajua madawati yenyewe anajua pia ni lipi linaloamua.

Ya tatu nitaisema kwa kifupi: Kaboya kule Muleba na Naliendele kule Mtwara, walikolala mashujaa wetu. Mwanafunzi anaweza kumaliza shule Mtwara mjini bila kujua kuna nini Naliendele. Makumbusho na Jeshi wangekaa meza moja, pale pangekuwa darasa.

Sasa nije kwenye kisa kinachonifanya niwe mwangalifu. Makumbusho ya Taifa ya Anga kule Washington, iliyo chini ya Smithsonian, ni kama mtoto wa jeshi. Jenerali Hap Arnold, aliyeongoza jeshi la anga la Marekani kwenye Vita Kuu ya Pili, ndiye aliyepigania ndege za vita ile zihifadhiwe badala ya zote kuishia vyuma chakavu. Sheria aliyoisaini Rais Truman Agosti 1946 iliweka bodi ya ushauri ya watu watano: mkuu wa jeshi la anga, mkuu wa jeshi la majini, Katibu wa Smithsonian, na raia wawili wa kuteuliwa na Rais. Wanajeshi wawili kati ya watano, kwa sheria.

Kuelekea 1995, miaka hamsini tangu Hiroshima, mkurugenzi Martin Harwit, ambaye ni mwanasayansi wa nyota, akaandaa onesho la Enola Gay, ile ndege ya B-29 iliyodondosha bomu la atomiki 6 Agosti 1945. Rasimu ya maelezo haikuishia kwenye ndege. Ilishuka hadi chini kwenye mji, kwa waliokufa, na kwenye ubishi kama bomu lilikuwa la lazima. Mwaka 1994 chama cha kiraia kinacholitetea jeshi la anga, Air Force Association, kikaianika rasimu hiyo. Kulikuwa na maneno ndani yake kwamba kwa Wamarekani wengi vita dhidi ya Japani ilikuwa ya kisasi, na kwa Wajapani wengi ilikuwa ya kuulinda utamaduni wao dhidi ya ubeberu wa Magharibi. Maveterani wakachemka. Rasimu ikaandikwa upya, ikaandikwa tena. Septemba 1994 Seneti ikapitisha azimio la kuipinga. 30 Januari 1995 Katibu mpya wa Smithsonian, Michael Heyman, akalifuta onesho lile, na mwezi Mei mwaka huo Harwit akajiuzulu. Kikawekwa kipande cha mbele cha ndege na maelezo machache, na watu wapatao milioni 4 walikitazama hadi 1998.

Mkurugenzi aliyefuata, 1996, alikuwa admirali mstaafu, Donald Engen. Alipofariki 1999 kwa ajali ya ndege isiyo na injini, nafasi yake ikaja kushikwa na jenerali mstaafu wa Marine, John Dailey, kuanzia 2000 hadi 2018. Na haki isemwe: chini ya Dailey ndipo jengo kubwa la Udvar-Hazy lilipofunguliwa Desemba 2003, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, na Enola Gay nzima ikasimama humo. Jenerali alijenga. Ila bango lililowekwa pembeni ya ndege lilieleza zaidi ufundi wa ndege yenyewe, na waliofia chini yake hawakuhesabiwa pale.

Wengi hukisoma kisa hiki kama onyo kwamba askari wasikaribishwe. Mimi nakisoma kinyume. Onesho lile lilivunjwa kutoka nje, na watu ambao hawakuwa na kiti. Ukiwaacha nje hujajikinga na kitu. Unachokihitaji ni mtu ndani ambaye maveterani wanamwamini, aione rasimu mapema, aseme hapa mmekosea jina la kikosi, hapa mtawaumiza wajane bure, na hapa mko sawa, simameni nami nitasimama. Lakini kalamu ibaki kwa mhifadhi. Asiwe mwenyekiti, na asiwe na kura ya turufu juu ya maelezo ya onesho.

Kipimo chetu ninacho. 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito, ambayo leo ni Lugalo. Serikali ikalazimika kuwaomba Waingereza, makomando wao wakaingia 25 Januari, na 1 Septemba mwaka uleule ikazaliwa JWTZ. Muulize jenerali wako mtarajiwa: je, chumba cha Januari 1964 kiwepo? Atakavyojibu ndiyo usaili wenyewe.

Karibuni.

---

Mkongojo

Uzi mzuri. Nimeweka kigoda hapa. Ila posho ya kikao hujaitaja mkuu, na ndiyo inayotafuta wajumbe wengi wa bodi nchi hii.

---

Bint Lindi

Mleta mada umepamba vizuri lakini umeruka jambo moja kubwa. Umewahi kuona kikao chenye jenerali ndani? Mwanaakiolojia ana shahada tatu, anaongea dakika mbili, jenerali anakohoa, mwanaakiolojia anafunga daftari. Wala jenerali si mkorofi. Sisi wenyewe tumelelewa hivyo. Unasema asiwe mwenyekiti, lakini popote atakapokaa ndipo patakapokuwa mbele.

La pili ni la kwetu Kusini. Kumbukumbu yetu kubwa ni Majimaji. Watu wa 27 Februari 1906 pale Songea walinyongwa na serikali ya kikoloni yenye jeshi, na wengi wa askari wa jeshi lile walikuwa Waafrika. Historia ya nchi hii imejaa watu waliopigwa na wenye sare: Wajerumani, Waingereza, hadi sanamu ya Askari pale Samora ambayo watu wanaipiga picha bila kujiuliza yule ni askari wa nani. Ukiweka jicho la kijeshi juu ya historia yote, hao wa upande wa pili wanapungua kidogokidogo, bila mtu kutoa amri yoyote.

Na kama mnataka mtu mzito, tafuteni balozi. Mjusi wa Tendaguru yuko Berlin tangu Wajerumani walipochimba kwetu kati ya 1909 na 1913, amesimama zaidi ya mita 13. Fuvu la Mangi Meli aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900 bado linatafutwa na wajukuu. Huko hutumi brigedia. Unatuma anayejua kukaa na Mjerumani mezani miaka kumi bila kuchoka.

---

Sajini Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo.

Nimetumikia, kwa hiyo nina upande. Bint Lindi, mwanangu, la kukohoa nakubali. Lakini mnatuongelea kama watu tusiosoma. Mmemsahau Brigedia Jenerali Hashim Mbita? Huyu alikuwa mwandishi wa habari, akawa msemaji wa Ikulu kwa Mwalimu, akavaa magwanda, akawa Katibu Mtendaji wa TANU, kisha kuanzia 1972 hadi 1994 akaiendesha Kamati ya Ukombozi ya OAU hapa Dar. Ilipofungwa kwa sababu Afrika Kusini imekuwa huru, wengine wangeenda kulima. Yeye alihangaikia historia iandikwe. Mradi wa SADC wa kukusanya kumbukumbu za ukombozi ukapewa jina lake, wakahojiwa wapiganaji nchi baada ya nchi, na 2014 yakatoka majuzuu tisa. Alifariki Aprili 2015 akiwa ameyaona. Ukiniuliza mjumbe wa bodi wa kijeshi afanane na nani, nakuonesha huyo.

Sasa nikusahihishe kidogo, Kabati. Mstaafu hana amri. Anaweza kumpigia mtu simu, kweli, na heshima ipo. Lakini nyaraka za vita ni mali ya Jeshi, na yeye mwenyewe akitaka kuziona anaomba kama raia. Daftari la kanali likiwa na mambo ya operesheni, jenerali mstaafu hana uwezo wa kusema "toa, halina neno". Mwenye uwezo huo yuko kazini. Kwa hiyo kiti kiwe cha wadhifa, kama ile sheria yako ya 1946. Mkuu wa tawi fulani Makao Makuu anaingia kwenye bodi kwa sababu ya ofisi yake, akihamishwa anakuja mwingine.

---

Kabati la Vioo

Shikamoo mzee Sajini. Nimeipokea, na Mbita ndiye niliyekuwa naye kichwani nilipoandika "kazi inayotajwa kwa jina".

Kiti cha wadhifa kina mifano. Australia wanacho: kwenye baraza la Australian War Memorial pale Canberra wakuu wa majeshi yote matatu ni wajumbe kwa sheria ya 1980. Shida yake iko kwenye saa za kazi. Mkuu wa tawi ana mazoezi, ana ziara, ana mabosi. Kikao cha makumbusho kinachojadili rangi ya kabati kitamshinda, atamtuma msaidizi, msaidizi naye atamtuma kapteni. Kapteni atasema "nitafikisha". Mwaka umeisha.

Na mfano wa Canberra wenyewe ni wa kuangalia kwa jicho moja kali. Taasisi ile ilipanuliwa kwa mradi uliotangazwa 2018 wa karibu dola zao milioni 500, ukumbi wa Anzac uliofunguliwa 2001 ukavunjwa ingawa wasanifu majengo walipiga kelele. Huku pembeni mjadala wa kama wenyeji wa asili waliouawa na walowezi nao waoneshwe ipasavyo ukaburuzwa miaka na miaka, hadi Septemba 2022 ndipo mwenyekiti Brendan Nelson akatangaza kwamba sehemu hiyo itapanuliwa. Ndege za kivita zinapata nafasi haraka. Hapo Bint Lindi ana hoja, siipingi.

Kwa hiyo mimi bado nasema mstaafu, tena aliyestaafu karibuni, ambaye waliobaki kazini aliwafundisha yeye. Kuhusu siri, iandikwe hati ya makubaliano kati ya Makumbusho na Jeshi: nani anapitia daftari, kwa muda gani, na likirudi na kurasa zimezibwa, familia ielezwe. Mstaafu aisukume hati hiyo hadi isainiwe. Hiyo ni kazi ya mwaka wake wa kwanza, na akiimaliza ameshalipa kiti.

---

Wa Lang'ata

Habari za huko bongo. Nyinyi mnajadili kiti kimoja, sisi jeshi lilijenga nyumba nzima. Uhuru Gardens hapa Nairobi, pale bendera ya Mwingereza iliposhushwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, ndiyo KDF, jeshi letu la Kenya, walipewa wapajenge upya na kuweka makumbusho. Madaraka Dei ya 2022 ikafanyiwa pale. Nidhamu ya ujenzi, wacha tu, vitu vimesimama. Mkandarasi wa kawaida angekuwa bado anasaka saruji.

Lakini swali langu kama mlipa ushuru lilikuwa hivi: National Museums of Kenya wana sheria yao ya 2006, wana wataalamu wao, wana Fort Jesus, wana mifupa ya Turkana. Kwa nini hadithi ya uhuru iende kwa Wizara ya Ulinzi? Kujenga ukuta na kuamua ni picha ya nani itundikwe ukutani ni kazi mbili. Msiziunganishe. Mjenzi akishakabidhi funguo, aende.

---

Mkongojo

Hapo kwenye funguo umenena.

---

Dafu la Muscat

Nimezaliwa Tanga, niko Oman miaka mingi. Hapa wametenganisha. Jeshi lina makumbusho yake kwenye ngome ya Bait al Falaj, iko tangu 1988, askari ndio wanaokupokea na kukutembeza, mizinga iko nje uani. Makumbusho ya Taifa ni jengo jingine mbele ya kasri la Al Alam. Mtu akitaka bunduki anajua aende wapi. Labda kwenu tatizo ni kwamba mnataka nyumba moja ibebe kila kitu.

---

Sajini Mstaafu

Hata Wajerumani wana namna yao. Makumbusho ya historia ya kijeshi ya Dresden ni mali ya jeshi lenyewe, lakini ilipofunguliwa upya 2011 mkurugenzi alikuwa kanali mwenye udaktari wa historia, Matthias Rogg. Jengo la zamani wakalipasua kwa kabari kubwa ya chuma na kioo, na ndani wanaonesha vita inavyomfanya mtu, hawaoneshi ushindi. Kanali! Kwa hiyo msiseme sare haiwezi kusimamia ukweli mchungu. Inategemea umemchagua nani.

Na Uingereza, Imperial War Museum imewahi kuwa na mwenyekiti wa bodi aliyekuwa mkuu wa jeshi la anga, Sir Peter Squire. Wadhamini wa makumbusho zao hawalipwi mshahara, na nafasi nyingi zinatangazwa, mtu anaomba. Mkongojo, ulitaja posho, hilo ndilo dawa yako. Anayeomba kazi isiyo na malipo ameshajieleza nusu.

---

Bint Lindi

Kutangaza nafasi, hapo naanza kulegea. Kwetu kwenye mashirika mengi ya umma mwenyekiti anateuliwa na Rais na wajumbe wanateuliwa na waziri, na sisi wengine tunasoma majina kwenye gazeti. Lakini hakuna kinachomzuia waziri kupelekewa majina matatu yaliyochujwa. Wafanye hivyo.

Masharti yangu, kama lazima aje. Awe wa uhandisi, utabibu, elimu au mawasiliano jeshini. Hao wamezoea kubishana na vitu visivyotii amri: daraja halisimami kwa sababu umelipigia kelele. Awe ameandika kitu maishani, hata kama ni historia ya kikosi chake. Akae kipindi kimoja kwanza. Na asiwe peke yake: siku anayoteuliwa yeye, ateuliwe pia mtu wa ukoo wa waliopigwa, mjukuu wa wale wa Songea au wa Old Moshi. Wakae meza moja. Akikohoa, bibi mmoja wa Kingoni atamuuliza kama anataka maji.

---

Kabati la Vioo

Sharti la mwisho nimelipenda kuliko yote niliyoandika mimi. Naliweka juu.

Basi barua ya kumwita, kwa mawazo ya hapa, iseme hivi: Ndugu Jenerali, tunakuomba ukae nasi miaka mitatu. Mwaka wa kwanza utusaidie kupata hati ya makubaliano na Jeshi kuhusu nyaraka na vifaa. Wa pili utufungulie milango ya waliopigana Kagera na waliowahifadhi wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini, tuwarekodi wakiwa hai. Wa tatu utushauri kuhusu Kaboya na Naliendele. Maelezo ya maonesho yataandikwa na wahifadhi. Utayasoma kama wajumbe wenzako na maoni yako yatawekwa kwenye kumbukumbu za kikao, yakikubaliwa au yasipokubaliwa. Tunakusudia kuwa na chumba cha Januari 1964. Kama hilo ni gumu kwako, tuambie sasa.

---

Sajini Mstaafu

Ongeza mstari mmoja. Aje kwenye vikao bila mpambe na bila mtu wa kumbebea mkoba. Halafu ipelekeni.